Tansio haingojei mtu apate nyumba

Kwetu, mtu wa miaka 45 akianguka ghafula, mdomo ukapinda na mkono wa kuume ukakataa kufanya kazi, neno la kwanza kutoka ni "karuho". Watu wanaanza kutafuta nani alimpa kikombe, nani aligombana naye kwenye shimo, nani anatamani shamba lake. Familia inauza mbuzi kwa kumlipa mfumu wa kumtapisha. Siku tatu zinapita, na siku hizo njo zilikuwa za maana. Mara nyingi ile "karuho" ni tansio tu: shinikizo la damu lililokaa juu miaka na miaka bila kusema kitu, mpaka mshipa mmoja wa kichwani ukaziba ao ukapasuka.

Katika ukurasa huu tunaandika sana juu ya mashimo yanayobomoka, juu ya bei ya kasiterite na makaratasi ya koperative. Leo nataka kusema juu ya hiyo tansio, na zaidi juu ya tansio ya watu ambao hawana nyumba. Nitaeleza kwa nini mambo haya mawili yanatembea pamoja.

Ukisoma "mtu asiye na nyumba" katika gazeti la Ulaya, unaona mzee amelala chini ya daraja na blanketi lake. Lemera huwezi kumwona huyo, kwani hata mtu wa kichwa kibovu ana shangazi fulani wa kumpa kona. Watu wetu wasio na nyumba wamefichwa ndani ya nyumba za wengine. Wako kumi na mbili ndani ya vyumba viwili. Wako ndani ya madarasa: mangaribi wanatandika mikeka, asubuhi wanakunja mbele wanafunzi hawajaingia, mchana wote wanazunguka na mizigo yao. Wengine wako kanisani nyuma ya mabenchi. Tunawaita madeplase, ao wakimbizi wa ndani, na jina hilo linatufanya tusahau kwamba ni watu wasio na nyumba kama wale wa chini ya daraja.

Wametoka wapi, kila mtu anajua. Usiku wa tarehe 16 kuamukia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka ndani ya mji wa Uvira na kubeba nyumba kwa maelfu. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda, likaingia Kavimvira na Kalundu, likakaa ndani ya nyumba za watu kama mpangaji asiyelipa. Februari 2025, vita ilipofika Bukavu na Kamanyola, barabara ya taifa namba 5 ilijaa vichwa na magodoro, na wengine walivuka Ruzizi mpaka uwanja wa mpira wa Rugombo, ngambo ya Burundi. Desemba 2025 vita ikaingia Uvira yenyewe. Kuna familia ninazozijua zimehama mara ine katika miaka hiyo, na kila mara kitu kimoja kinapotea njiani.

Na wewe mchimbaji, usicheke. Mtu anayelala miezi minane chini ya bashi kwenye karieri, juu ya majani, nguo zikiwa na maji, akiwa na nyumba Kaziba ao Kamituga ambayo haioni mpaka Noeli, mwili wake haujui kwamba yeye ni mwenye nyumba.

Tansio ni nini? Kila mchimbaji anajua motopompe. Unaiwasha, inasukuma maji ndani ya tuyo, na tuyo inakazana. Ukibana tuyo, ao ukisukuma mashini kwa nguvu kupita kipimo, maji yanaendelea kupita, hata wewe unafurahi. Lakini tuyo inachoka kidogo kidogo. Siku moja inapasuka pale penye ulegevu, na motopompe yenyewe inaanza kukohoa. Moyo njo motopompe, mishipa njo tuyo. Mwuguzi anapokufunga kile kitambaa kwenye mkono anatafuta namba mbili: ya juu ni nguvu wakati moyo unasukuma, ya chini ni nguvu wakati moyo unapumzika. Sisi kwa desturi ya Wafaransa tunasema "kumi na ine kwa tisa". Katika vitabu vya OMS wanaandika 140/90. Ni kitu kimoja. Kuanzia hapo, ikiwa namba zinarudi hivyo siku mbalimbali, ni tansio ya kutunza.

Nimesema siku mbalimbali. Mtu akitoka kupandisha mfuko wa udongo kutoka chini, akapimwa akiwa anahema, namba itakuwa juu na haimaanishi kitu. Ukae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umewekwa sawa na moyo, usiongee. Na usiwe umetoka kuvuta sigara.

OMS inahesabu watu wapatao bilioni 1.4 wa miaka 30 mpaka 79 duniani waliokuwa na ugonjwa huu mwaka 2024, na katika watu watano ni mmoja tu na kidogo ambaye tansio yake imeshikwa vizuri. Wengi hawajui kama wanayo. Hakuna homa, hakuna maumivu. Wanaosubiri kichwa kiume wanasubiri bule, kwa sababu kwa wengi kichwa hakiumi hata siku moja. Kisha inakuja kwa mlango mwingine: mtu anapooza, ao moyo unachoka na miguu inavimba, ao mafigo yanakufa, na dialize siyo kitu cha kupata milimani kwetu. Hata macho yanaweza kwenda.

Tena kuna lile neno la kwamba tansio ni ugonjwa wa watajiri wenye tumbo. Ni neno baya, kwa sababu linamfanya mtu mwembamba asipimwe. Nimeona wachimbaji wembamba kama fito wakiwa na kumi na nane kwa kumi na moja.

Sasa, kupoteza nyumba kunafanya nini kwa tansio? Watu wanasema "mawazo". Ni kweli, mawazo yapo, na mtu aliyezika mtoto njiani hana haja ya kufundishwa na mimi. Lakini nikisikiliza wauguzi, naona mambo ya kawaida zaidi, mambo ya jikoni na ya usingizi, na hayo njo yanaweza kuguswa.

Kwanza usingizi. Usiku mtu akilala vizuri, tansio inashuka, mishipa inapumzika. Katika darasa lenye watu arobaini, mtoto analia, mwingine anakohoa, mlango hauna kitasa, na kila mlio wa nje unafanya kila mtu akae. Tuyo haipati saa ya kupumua. Anayelinda shimo usiku kwenye karieri yuko vilevile.

Kisha chumvi. Mtu mwenye shamba anakula sombe, lengalenga, maharagi, ndizi, viazi vitamu. Vyakula hivyo vina potasiamu, na potasiamu inasaidia mwili kutoa chumvi na kulegeza mishipa. Akikimbia, sombe inabaki shambani. Anachopata ni unga. Na bugali bila mboga inateremka na nini? Na maji ya chumvi, ao kube moja iliyopondwa, ao kipande cha makayabo cha kunusia, ao ndagala zilizokaushwa na chumvi kwa kusafiri mbali. Chumvi imekuwa mboga. OMS inasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai kikiwa sawa na ukingo, na ndani yake uhesabu ile ya kube na ile ya samaki. Mtu anayekula bugali na chumvi mara mbili kwa siku anapita hapo bila kujua.

Na hapa kuna jambo ambalo mashauri ya daktari hayalioni. Anakuambia "punguza chumvi", unaitika, unatoka. Lakini wewe unakula kwenye sufuria ya mtu. Amekupokea na watoto sita, anakugawia kidogo alicho nacho. Utasema nini, "mama, ungepunguza chumvi juu yangu"? Hakuna mtu wa heshima anayeweza kusema hivyo katika mwezi wa kwanza, hata katika mwezi wa tatu. Kwa hiyo shauri hilo lielekezwe kwa mwenye nyumba. Mama unayepokea wageni: toa sehemu ya mtu wa tansio mbele hujatia chumvi, kila mtu ataweka yake kwenye sahani. Hapo mgeni haombi kitu na haoni haya.

Simwambii mtu aache chumvi kabisa. Chumvi ya dukani imetiwa iode, na wazee wa milima yetu na wa Idjwi wanakumbuka shingo zilizovimba mbele chumvi hiyo haijafika. Chumvi kidogo, yenye iode, basi.

Jambo la tatu liko ndani ya mifuko yetu ya suruali, nalo ni diklofenaki. Hakuna karieri ambako haiuzwi, pamoja na ibuprofene, kwa rejareja, ndani ya kopo moja na sigara. Mgongo unauma, unameza mbili, unashuka. Kesho tena. Dawa hizo zinaondoa maumivu kweli, lakini zinazuia mafigo kutoa chumvi na maji, zinapandisha tansio, na mtu akizitumia kila siku zinaharibu mafigo yenyewe. Na kama amekosa maji ya kunywa siku nzima ndani ya shimo, ni vibaya mara mbili. Parasetamol kwa kipimo chake ni afazali. Nimesikia PDG wa shimo akisema bila diklofenaki kazi itasimama. Mimi naona kazi inayosimama kwa sababu ya kidonge ni kazi iliyo na mizigo kupita kipimo, lakini hayo tutayazungumza siku nyingine. Kuna pia deksa, ile dawa ndogo ambayo vijana na wasichana wanameza kwa kunenepa. Hata yenyewe inapandisha tansio, na sukari pia.

Kanyanga na vinywaji vya sashe vinapandisha tansio vilevile. Kila mtu anajua kwa nini watu waliopoteza nyumba wanakunywa, sina haja ya kurefusha.

Lakini mtu anaweza kuacha chumvi, akaacha kanyanga, akalala, na bado anahitaji dawa, kwani kwa watu wengi tansio haiponi, inashikwa tu. Kushika maana yake kidonge kila siku, saa moja, mwaka kwa mwaka. Sasa fikiri ni vitu gani vinahitajika kwa jambo hilo dogo: fasi ya kuweka dawa isinyeshewe wala kuibwa, saa ya kula inayojulikana, kituo cha afya kile kile, mwuguzi anayekujua uso, fishi yako kwenye kabati yake, na franga kidogo kila mwezi. Yote hayo ni nyumba. Nyumba ikienda, yote yanaenda siku moja.

Angalia karne. Mtu alikuwa anafuatwa Uvira ao Luvungi miaka mitano, dawa yake imeandikwa, kipimo kimejaribiwa mpaka kikafaa. Anakimbia usiku na watoto na sufuria. Akifika juu, mwuguzi anamwuliza ulikuwa unakunywa nini. Anajibu: kidogo, nyeupe, ya mviringo. Nusu ya farmasi ni nyeupe na ya mviringo. Wanaanza upya. Ao hawaanzi, kwa sababu msaada unaokuja kwa waliohama mara nyingi ni wa malaria, surua, kuhara, kipindupindu, na watoto wenye kukonda. Ni magonjwa yanayoua upesi na yanahesabiwa upesi, siwezi kulalamika juu ya hayo. Uvira inajua kipindupindu kuliko mtu yeyote. Kipindupindu ina hema lake, ndoo zake, klori yake. Tansio haina hema. Kwenye meza ya bure unapimwa, unaambiwa "baba, iko juu sana", unapewa karatasi ya kwenda kununua.

Kisha ile kugawana. Plakete moja, bwana na bibi wote wana tansio, kila mmoja anakunywa siku moja kwa mbili. Wanafikiri nusu ya dawa inatoa nusu ya uzima. Kwa kweli tansio inapanda na kushuka kama barabara ya Ngomo, na kwa dawa fulani, kama klonidine ao atenolol na ndugu zake, kukata ghafula kunaweza kuirusha juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ikiwa dawa inakaribia kuisha, nenda kusema mbele haijaisha, hata kama huna franga. Mwuguzi anaweza kukubadilishia kwa ya bei nafuu. Ukifika umeshakata wiki mbili, kazi yake ni ngumu zaidi.

Kuna jambo moja ambalo wanaume hawalijui, mimi pia nililijua kwa kusikia wamama wakizungumza kwenye foleni. Dawa moja ya tansio inayopatikana kwa urahisi ni hidroklorotiazidi. Ni nzuri, ni ya bei ndogo, inafaa sana kwa watu wa rangi yetu. Kazi yake ni kukojolesha: inatoa chumvi na maji. Sasa mama analala darasani na watu arobaini, choo kiko mita mia chini ya kilima, usiku kuna giza na kuna watu wabaya. Mama huyo hatakunywa dawa ya kumkojolesha. Atasema anakunywa, ataificha ndani ya kitenge, na tansio itabaki juu, na mwuguzi ataandika kwamba dawa haifanyi kazi. Njia ya kutoka ipo, na haihitaji feza: dawa hiyo inakunywewa asubuhi, siyo mangaribi, na nguvu yake ya kukojolesha inapita mchana. Ikiwa hata mchana choo ni tabu, kuna amlodipine ambayo haikojoleshi. Hiyo nayo inaweza kuvimbisha miguu kidogo, ni vizuri kuijua mapema ili jirani asiseme umerogwa. Lakini lazima mtu amwulize mama swali la choo. Katika foleni ya watu themanini, nani anauliza?

Kwa mama mwenye mimba, mambo ni ya haraka. Tansio ikipanda baada ya mwezi wa tano, pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona nyota, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu za kuume, inaweza kugeuka kifafa cha mimba na kuua mama na mtoto. Asingojee asubuhi. Lopitali ina sindano ya manyeziamu ya kuzuia kile kifafa, kituo kidogo kinaweza kuanza mbele ya kumpeleka. Na mama mwenye mimba asinywe dawa ya tansio ya bwana wake ao ya mama mkwe: kaptopril na enalapril zinadhuru mtoto tumboni. Yeye ana dawa zake, kama metildopa.

Na yule aliyeanguka na mdomo kupinda? Mlaze ubavuni, usimpe maji wala chakula kwa maana anaweza kupaliwa, usimwekee kidonge chini ya ulimi cha kushusha tansio haraka, kwani ubongo ulioziba unahitaji damu na kuishusha kwa kishindo kunaongeza hasara. Kumbuka saa alipoanguka, daktari ataiuliza. Tipoyi, vijana wanne wa zamu, na njia ya lopitali. Habari ya karuho itazungumzwa nyuma.

Nimesema lopitali, na kwa mtu wa Lemera neno hilo ni zito. Lopitali kuu yetu, ya CEPAC, ilivamiwa tarehe 6 Oktoba 1996. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, wauguzi pia. Zaidi ya watu 30 walikufa siku ile. Daktari aliyekuwa akiiongoza, Denis Mukwege, alikwenda baadaye kuanzisha Panzi kule Bukavu, mwaka 1999, na mwaka 2018 akapata Nobel ya amani. Ninayakumbusha kwa sababu wazee wengi wa kwetu, mpaka leo, wanaona hatari kulazwa. Mtu anaweza kuwa na tansio ya ishirini na akakataa kulala lopitalini, siyo kwa ujinga. Mwaka ule aliona. Kwa hiyo wanaosema "watu wa milimani hawapendi kutibiwa" wajifunze kwanza wanazungumza na nani. Na inatufundisha pia kwamba matunzo ya tansio yasikae yote ndani ya jengo moja. Jengo linaweza kuhama kama mtu.

Wengine duniani wameshalifikiri. Kule Boston, Marekani, tangu 1985 kuna kundi la waganga na wauguzi ambao hawangojei watu wasio na nyumba waje. Wanawafuata kwenye malazi ya usiku na barabarani, na wanabeba habari za ugonjwa wao wenyewe, ili mgonjwa asilazimike kuilinda karatasi. Wakati wa vita ya Siria, ambako wazee wengi waliokimbia walikuwa na tansio na sukari, OMS ilitengeneza sanduku la dawa za magonjwa ya namna hiyo: limepangwa kwa watu 10,000 kwa miezi mitatu, na amlodipine imo. Kwa hiyo mtu akikuambia "katika dharura hatutibu tansio", mjibu kwa heshima kwamba sanduku lipo. Kwamba mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya msaada wake hatukatai, tumeuona upungufu. Lakini sanduku likiombwa na kukosekana ni jambo moja, na lisipoombwa kabisa ni lingine.

Narudi kwetu wachimbaji, kwa sababu hatuwezi kungoja Genève. Sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inamtaka mchimbaji wa mkono awe ndani ya koperative. Vizuri. Basi koperative ina watu, ina hesabu ya mifuko, ina makato. Katika koperative moja ambayo sitaitaja, tulikatwa miaka miwili franga "ya afya" kwa kila mfuko. Mwenzetu mmoja akapooza, alikuwa amelala kibandani usiku. Tulipokwenda kuomba, tukajibiwa kwamba mfuko ni wa ajali ya shimo tu, na tansio haiko ajali. Bibi yake na watoto, ambao walikuwa wamehama na kupokewa na shemeji, wakaambiwa zaidi: hawamo kwenye orodha, kwa sababu hawana makao yanayojulikana. Yaani aliyepoteza nyumba anapoteza na haki ya kutunzwa, juu ya kukosa nyumba.

Sudi Kivu inajua mutuelle za afya tangu zamani. Parokia na vijiji vilizianza mbele hata sheria ya Februari 2017 haijatoka. Ni mutuelle zinazoandika familia kwa nyumba. Tunaomba ziandike kwa watu. Mchimbaji aliyepokea wageni watano awe na haki ya kuwaandika, hata kwa miezi sita sita. Tunaomba mashini ya tansio kwa kila karieri, siyo kwa kila mji. Tunaomba mgonjwa anayejulikana apewe dawa ya miezi mitatu kwa mara moja wakati njia inaanza kuchafuka, kwani kila mara kuna siku tano ao sita ambazo kila mtu anajua vita inakuja. Na kile ambacho hakiombi ruhusa ya mtu: piga picha ya fishi yako na ya sanduku la dawa, jina lisomeke, na uitume kwa simu ya mtoto na ya mtu mwingine aliye mbali. Asiye na simu ashone karatasi ndani ya koti, kwenye plastiki. Jina la dawa, miligramu, mara ngapi kwa siku. Hayo matatu yanamtosha mwuguzi wa fasi yoyote, hata ya Burundi.

Barua ya maombi hayo iko mezani kwa wakubwa wa koperative na ofisi ya zone de santé. Wakati tunangoja, vijana wa shimo letu wamechanga wakanunua mashini moja ya betri. Kulikuwa mabishano nani ataishika. PDG alitaka, lakini watu walisema wataogopa kupimwa mbele ya anayewapa kazi. Mwisho ilikwenda kwa mama mmoja muuza sombe, aliyesoma mpaka darasa la sita na anayejua kuandika namba vizuri. Jumapili anakaa nayo kando ya kanisa. Siku ya soko anaitoa kwenye mfuko saa mbili ya asubuhi, mbele ya kupanga biashara yake, na benchi la kukalia ile dakika tano ameliazima shuleni, kwa wale wale wanaolala pale.